Je, niache dawa za rumatizimu ili ning'olewe jino?

«Jambo Daktari. Nina miaka 41, nauza vitenge Kadutu, hapa Bukavu. Huu ni mwaka wa 6 nina rumatizimu ya vidole na magoti, ile waliyosema mwili unajipiga wenyewe. Kila Jumapili nameza metotreksati 15 mg, Jumatatu asidi ya foliki, na kila asubuhi prednisoloni 5 mg. Jino langu la nyuma chini, upande wa kuume, limeoza hadi limebaki kama kikombe. Wiki iliyopita shavu lilivimba siku tatu, kisha likashuka lenyewe. Muganga wa meno wa kwanza alisema niache dawa zote wiki mbili ndipo anione. Wa pili alikataa kabisa kunigusa, eti damu haitasimama na kidonda hakitapona. Kwenye famasi wamenipa Bactrim na diklofenaki. Nimenunua ila sijaanza. Jirani yangu anasema ni hizi dawa zilizoozesha jino. Nifanye nini? Na likishatoka, naweza kuweka la bandia?»

Mama, pole sana. Kabla sijajibu lingine lolote: hizo Bactrim usizimeze. Hata moja.

Metotreksati inafanya kazi kwa kuubana mwili usitumie foliki kama kawaida, na foliki ndiyo inayohitajika ili chembe za mwili zijigawe na kuongezeka. Ndani ya Bactrim mna trimethoprimu, nayo inabana njia ileile. Tena Bactrim ina salfa, ambayo inaweza kuzichelewesha figo zisiitoe metotreksati mwilini kwa wakati. Dawa hizi mbili zikikutana, uboho wa mifupa, yaani kiwanda cha damu, unaweza kusimama. Chembe nyeupe zinaanguka, chembe za kugandisha damu zinaanguka, kinywa kinajaa vidonda, homa inapanda, na mgonjwa anafikiri ni jino linaendelea kumsumbua. Watu wamekufa kwa mchanganyiko huu. Ile foliki yako ya Jumatatu haitoshi kukukinga.

Kijana wa famasi simlaumu sana. Hapa Bukavu jino likiuma watu hukimbilia Bactrim, ampisilini au Flagyl, na anayeuza hana desturi ya kuuliza unameza nini kingine. Basi wewe ndiye useme kwanza. Jifunze sentensi moja na uitoe kabla hata ya salamu kuisha: «Mimi natumia metotreksati, mara moja kwa wiki.» Hayo maneno «kwa wiki» yatamke wazi, kwa sababu kosa lingine linaloua ni mtu kuandikiwa dawa hii kila siku kana kwamba ni ya malaria.

Sasa tuje kwenye jino. Muganga wa kwanza alikwambia uache dawa zote. Ninaelewa alikotoka: anajua kwamba dawa hizi zinapunguza nguvu ya kinga, na kinga ndiyo inayolinda kidonda. Lakini amezitia dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa kwenye kapu moja.

Prednisoloni ni ndugu wa kotizoli, homoni ambayo mwili wako mwenyewe hutengeneza katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kwa siku ya kawaida tezi hizo hutoa kotizoli inayolingana na karibu 5 mg za prednisoloni. Unapomeza kidonge kila asubuhi kwa miaka, tezi zinaona kazi imeshafanywa na mtu mwingine, zinalala. Ukikata dawa ghafla, haziamki siku hiyo wala wiki hiyo. Na kung'olewa jino lenye usaha ni wakati ambapo mwili unaihitaji homoni hiyo kuliko siku zote. Ndipo mtu anapolegea, anatapika, shinikizo la damu linashuka, anazimia.

Nakuambia jambo nililoliona, na kosa lilikuwa langu. Nilipokuwa kijana kazini nilimwambia mama mmoja mwenye lupasi, ugonjwa mwingine wa mwili kujipiga wenyewe, asimamishe prednisoloni siku chache kabla ya kumng'oa. Alikuja siku ya miadi juu ya pikipiki, amekaliwa nyuma na kaka yake ili asianguke, midomo mikavu, hawezi kumaliza sentensi. Jino halikung'olewa siku hiyo. Tulikimbia naye hospitali akawekewa sindano ya haidrokotizoni, yaani homoni ileile. Alipona. Mimi tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote aache prednisoloni kwa ajili ya jino.

Kwa hiyo hiyo 5 mg yako utaimeza kama kawaida, na siku ya kung'olewa utaimeza pia, pamoja na chai na mkate, kisha uende asubuhi. Kwa jino moja linalotolewa kwa ganzi ya kawaida, mtu wa kipimo chako kwa kawaida hahitaji nyongeza. Ingekuwa upasuaji mkubwa wa taya, au wa kulazwa usingizi, hapo hospitali ingeongeza homoni kwa sindano, na huo ni uamuzi wao. Kinachosaidia zaidi kuliko nyongeza ni ganzi kushika vizuri. Maumivu yenyewe ni mzigo kwa mwili uliozoea kusaidiwa, basi ukisikia jino linauma wakati limeshashikwa, inua mkono na umwambie akuongezee ganzi. Usivumilie ili uonekane jasiri.

Metotreksati ni hadithi nyingine. Kwa kipimo kidogo cha kila wiki, yaani kati ya 7.5 na 25 mg, hakuna sababu ya kuisimamisha eti kwa kuwa jino linang'olewa. Hata wanaobadilishiwa goti zima au nyonga, upasuaji mkubwa kuliko tundu la gego, mwongozo wa chama cha wataalamu wa viungo cha Marekani wa 2017, uliorekebishwa 2022, unasema metotreksati iendelee. Ukiiacha wiki mbili, kitakachoamka ni vidole na magoti, kisha utaongezewa prednisoloni ili kuvituliza, na prednisoloni ya kiwango cha juu inachelewesha kidonda kupona kuliko metotreksati uliyoikimbia. Ni kama kuuza paa ili ununue mwavuli.

Lakini nikuambie ukweli wote. Kuna hali moja ambayo muganga wako wa viungo anaweza kukuambia uruke dozi ya Jumapili moja: maambukizi makali yakiwa yanaendelea, una homa, shavu limejaa, unahitaji antibiotiki. Sababu yake ni maambukizi, na kinga inahitaji nafasi ya kupigana nayo. Kuruka wiki moja hakuharibu matibabu, kwa kuwa athari ya dawa hii hukaa mwilini kwa muda. Wewe uvimbe wako umeshuka, kwa hiyo huenda haitahitajika. Mpigie simu anayekuandikia dawa umuulize, na jibu lake lishinde langu, maana yeye ana karatasi zako za damu mkononi.

Karatasi hizo ndizo ninazozitaka kabla ya kung'oa. Omba kipimo kile waganga wetu wanaita NFS, kinachohesabu chembe za damu, pamoja na kreatinini ya figo na vipimo vya ini. Mtu wa metotreksati anapaswa kuvifanya mara kwa mara hata bila jino. Kama ya mwisho ina zaidi ya miezi 3, rudia. Hapo ndipo hofu ya muganga wa pili inapopata jibu. Metotreksati haifanyi damu kuwa nyepesi. Prednisoloni nayo hapana. Kitakachofanya damu isisimame ni chembe za kugandisha kuwa chache mno, na hilo halikisiwi kwa macho, linaonekana kwenye NFS. Zikiwa sawa na chembe nyeupe zikiwa sawa, utatokwa damu kama jirani yako yeyote: utang'ata shashi nusu saa na itasimama. Kupona kunaweza kuchukua siku kadhaa zaidi ya mwingine. Kuchelewa si kutopona.

Na hebu tuupime upande wa pili, ambao waganga wote wawili waliusahau: jino likibaki. Jino lako ni mfuko wa bakteria uliofunguka hadi kwenye mfupa wa taya. Kwa mtu mwenye kinga kamili, jipu linapiga kelele: homa, uvimbe, maumivu ya kukesha. Kwa mtu wa prednisoloni kelele hizo zinapunguzwa sauti. Uvimbe wako wa siku tatu ulioshuka «wenyewe» haunifurahishi hata kidogo, kwa kuwa chanzo kiko palepale, na safari ijayo unaweza kukuta usaha umeshateremka shingoni wakati wewe bado unahesabu faida ya vitenge. Kusubiri ndilo chaguo baya kuliko yote uliyopewa.

Je, linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi? Dawa zako hazikukatazi. Kwa jino lenye kuta nzima ningekushauri hivyo, maana gego la chini ni mali. Lakini inahitaji picha ya jino, kurudi mara mbili au tatu, na gharama inayozidi kung'oa kwa mbali. Halafu jino uliloeleza, «kama kikombe», mara nyingi halina tena cha kushikilia kifuniko. Picha ndiyo itakayoamua. Ikionyesha ufa au kuta zimeshuka chini ya fizi, ling'olewe.

Antibiotiki utahitaji? Ukifika bila uvimbe na NFS nzuri, wengi wetu hatutoi kwa jino moja. Uvimbe ukirudi, ya kawaida ni amoksisilini, kama mwili wako hauikatai. Nayo inaweza kuzipunguza kasi figo kuitoa metotreksati. Kwa kipimo kidogo na figo nzima mara nyingi hupita salama, ila anayekuandikia ajue, na ukiona vidonda kinywani au michubuko isiyo na sababu katika wiki hiyo, urudi haraka. Siproflokisasini, ile sipro ya kila mtu, usijitafutie: pamoja na prednisoloni inaongeza hatari ya kano kukatika, hasa ya kisigino. Na antibiotiki yoyote bila kulitoa jino ni kufagia huku bomba linavuja.

Diklofenaki nayo iache. Najua muganga wa viungo huenda alishakupa dawa za jamii hiyo. Yeye huzitumia na metotreksati kwa uangalizi wa figo. Wewe peke yako, juu ya prednisoloni inayodhoofisha ukuta wa tumbo, unakaribisha kidonda cha tumbo. Parasetamoli 1 g kila baada ya saa 8, siku mbili au tatu, inatosha wengi.

Jirani yako basi. Dawa haziozeshi meno. Meno yanaozeshwa na bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na chai ya sukari inayonywewa kidogokidogo dukani kuanzia saa mbili hadi saa kumi inawalisha mchana kutwa. Lakini jirani ana chembe ya ukweli, nisimnyime. Rumatizimu ya vidole inafanya mtu ashindwe kushika mswaki sawasawa. Wagonjwa wengine wa kundi hili hukaukwa mate, na bila mate jino halina mlinzi. Prednisoloni inaweza kuleta utando mweupe wa fangasi ulimini. Metotreksati inaweza kuleta vidonda vya kinywa, hasa foliki ikirukwa. Na ugonjwa wa fizi unatembea pamoja na rumatizimu: mwenye huu ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ule, na kuna bakteria wa fizi wanaobadilisha protini za mwili kwa namna ambayo kinga huzishambulia kama adui. Kusafisha fizi si dawa ya magoti, ila uvimbe mdogo wa kudumu unapoondoka mwilini, si hasara.

Kwa mswaki, chukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili, ukizungushe kwenye mpini mara nne au tano hadi unene kama mpini wa kisu cha jikoni, ufunge kwa uzi. Kiganja kinashika pasipo kukunja vidole. Wapo wagonjwa wangu waliouona mchezo wa watoto, sasa hawauachi.

Siku ukienda, beba mfuko mzima wa dawa, na si majina kichwani. Nikisema mzima ninajumuisha hata vile usivyoviita dawa. Wako dada wanaomeza deksametazoni ya sokoni ili wanenepe, na hawataji, kumbe ni ya ukoo wa prednisoloni na yenye nguvu mara kadhaa. Taja pia kama ulishapewa kidonge cha wiki cha kuimarisha mifupa, alendronati: watu wa prednisoloni ya miaka hupewa, na baada ya kung'oa inaweza, kwa nadra, kufanya mfupa wa taya usifunikwe na fizi. Haizuii kung'oa, inabadilisha namna ya kung'oa na kufuatilia. Na shingo. Rumatizimu ya muda mrefu inaweza kulegeza viungo vya juu kabisa vya shingo, kwa hiyo asikulaze kichwa kikining'inia nyuma. Kunja kitenge, kiwe mto, uweke chini ya kisogo. Ukisikia ganzi au umeme mikononi ukiwa kwenye kiti, mwambie aache mara moja.

Wanaosoma hapa wakiwa na lupasi na wanatumia haidroksiklorokwini tu: dawa hiyo haipunguzi kinga kwa namna ya kuogopesha jino, ila mwambie muganga kabla hajakupa azithromaisini au erithromaisini, kwa ajili ya mapigo ya moyo. Wa siklosporini, dawa nyingine ya kushusha kinga, fizi zikivimba na kufunika meno ni dawa, na usafi unapunguza. Wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wasiiache wenyewe. Wapime INR, kipimo cha kuganda kwa damu, siku moja au mbili kabla. Wale wachache wanaopata sindano za kibaolojia kutoka nje wapange jino karibu na mwisho wa mzunguko, kabla ya sindano ijayo, kwa makubaliano na anayewatibu.

Jino likishatoka: ng'ata shashi, usisukutue siku ya kwanza, usitie majani wala tumbaku kwenye tundu. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu. Bugali na sombe (majani ya muhogo) tafuna upande wa pili, samaki wadogo wa sambaza baadaye. Omba atie nyuzi moja au mbili, na urudi siku ya saba hata kama huumwi, kwa sababu kwako kutoumwa si ushahidi.

Usingoje miadi, nenda hospitali usiku huohuo, ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, kinywa kinakataa kufunguka, ulimi unainuka, kumeza mate kunakuwa kazi, jicho linajifunga, au una homa na baridi. Hivyo hivyo ukitapika hadi prednisoloni haikai tumboni: hiyo inahitaji sindano, si subira.

Muganga akikataa tena kukugusa, mwombe akuandikie barua ya kukutuma hospitali kubwa yenye idara ya meno na maabara chini ya paa moja. Kukutuma ni haki yake; kukuacha mlangoni si matibabu.

Na jino la bandia, ndiyo. Subiri fizi na mfupa vitulie, kwako ningesema miezi 3. La kuvua ni nafuu na linatosha. Lakini ulivue kila usiku, ulisugue kwa sabuni ya kawaida, ulilaze kwenye kikombe cha maji safi, kwa kuwa fangasi wa prednisoloni hupenda kujificha chini yake wakati umelala.